Firigisi ya Jogoo wa Ziba

Watu wa nyumba hii wananicheka kwamba nikipika kuku wa karanga nageuka askari. Siongei na mtu, salamu naitikia kwa kichwa, na mwiko hauniponyoki. Nakoroga mpaka bega linaniuma. Waniseme wanavyotaka. Wao hawakuwako Pasaka ile, na kama wangekuwako wangejua kwamba mimi hapa nilinusurika chupuchupu kupandishwa lori pamoja na sanduku langu, kisa kipande cha nyama kisichojaa kiganja.

Kipande chenyewe ni firigisi. Kwa asiyejua mambo ya kwetu Unyamwezini nimweleze mapema. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Si ya mtoto, si ya mgeni, wala si ya mpishi. Zamani zile wanawake wengi wa kwetu kuku hawakumla kabisa, wala yai. Tulimpika, tukaonja chumvi ya mchuzi kwenye kiganja, basi. Mume akigeuza nyama bakulini asione firigisi, haulizi imekwenda wapi. Anauliza, "Umempa nani?" Na mwanamke asiye na jibu la swali hilo, lake limekwisha. Watu hawatasema amepoteza nyama. Watasema ana bwana.

Sasa nianze. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, mke wa ndoa ya kanisani, mwaka wa tatu, na tumbo kimya. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli pale Tabora. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, lakini upole wa kusikiliza kila mtu. Jambo akiambiwa mara ya kwanza anacheka, mara ya pili anakuna kichwa, mara ya tatu ameshalishika. Na jambo aliloambiwa na ukoo wake huko Ziba ni kwamba yule mwanamke wa Nzega hazai.

Wifi yangu ndiye aliyenidokeza, tulipokutana sokoni. Alinivuta nyuma ya magunia ya mtama akaniambia kuna msichana ameshatazamwa, binti wa wafugaji, ana nguvu na anakama ng'ombe kama mwanamume. "Mama anakuja Pasaka," akasema. "Anakuja kukuona kwa macho yake. Yeye ndiye atakayetoa neno. Padre hakubali mke afukuzwe kwa sababu hajazaa, lakini mke akikamatwa na uchafu, hata padre atanyamaza. Chunga usiwape sababu, wifi yangu."

Basi nikarudi nyumbani nimebeba kabichi na hofu. Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Hata wifi mwenyewe nilimshuku. Kwa nini aniambie? Anapata nini?

Mama mkwe alifika Jumatano ya Juma Kuu, na lori lililopitia Nzega, matope mpaka magotini kwa sababu ya mvua. Alikuwa mrefu, mkavu, macho hayapepesi, na meno mawili ya mbele hana. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, lakini hakunitazama usoni. Macho yake yalishuka moja kwa moja tumboni, yakakaa hapo, kisha yakapanda. Niliona haya, halafu nikaona hasira.

Alikuja na mizigo ya kutosha ukoo mzima: michembe, yale makopa ya viazi vitamu yaliyoanikwa juani; nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa; kibuyu cha samli; asali ya masega ndani ya debe dogo. Na jogoo. Loo, jogoo! Mwekundu, shingo ndefu, kucha kama misumari ya reli, amefungwa miguu kwa gome la mti na bado ananidonoa.

"Jogoo huyu nimemlea mwenyewe," akaniambia. "Siku ya Pasaka mwanangu atakula firigisi yake. Nataka nimwone akila."

Umesikia? Nataka nimwone akila. Mtu mwingine angesikia mapenzi ya mama. Mimi nilisikia mtego unategwa.

Kabla hajaketi alizunguka jiko langu lote. Alifunua kila chungu, akanusa unga, akagusa mafiga kuona kama yamekaa sawa. Hakusema neno, ila "mh." Mh ya unga, mh ya maji, mh ya kuni. Na muda wote mkono wake ulikuwa ukirudirudi kwenye pindo la kanga yake, mahali palipofungwa fundo dogo, gumu. Aligusa fundo hilo akiwa amekaa, akaligusa akiwa amesimama. Alipokwenda kuoga alikwenda na kanga hiyohiyo. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo ni dawa. Ama ya kumfanya mwanawe anichukie, ama ya kunifunga kabisa nisizae milele. Nikaapa kwamba mkono ule hautapita juu ya chungu changu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi wa Kiarabu, mzaliwa wa Tabora kama mama yake na bibi yake. Mababu zao walikuja na misafara ya pembe, wakabaki. Mumewe, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa na duka la nguo na viungo. Sikukuu zetu zote mzee huyo ndiye aliyetuchinjia, ili nao wapate kula kwetu. Ndivyo tulivyoishi pale mjini. Mkristo aliyechinja mwenyewe siku ya sikukuu alikuwa amewafungia majirani mlango. Na bibi huyo ndiye aliyenifundisha pilau, akaahidi kuniazima sufuria lake kubwa la shaba.

Naye nilimshuku. Mtu anayekuita "mwanangu mpenzi" kabla hujanawa uso anataka kitu.

Alhamisi alikuja kumsalimu mama mkwe. Wakakaa kwenye mkeka, wanatazamana kwa tabasamu. Mama mkwe akanigeukia, akasema kwa Kinyamwezi, tena kwa sauti, "Baba yangu aliwabebea mizigo watu hawa. Kutoka hapa mpaka pwani, begani. Akarudi na kovu na shuka moja."

Yule bibi, aliyelelewa na yaya wa Kinyamwezi na kuijua lugha yetu kuliko mimi, akajibu kwa Kinyamwezi safi, "Shuka lilikuwa zuri?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe akasema, "Lilichuja." Basi. Wakanywa kahawa. Lakini tangu hapo kila mmoja alijilinda na mwenzake. Bibi aliniita pembeni kunisihi sufuria lake lisije likaguswa na nyama ya nguruwe. Mama mkwe akaniita pembeni pengine kunionya nisikubali kiungo chochote ambacho Mwarabu hajakionja kwanza mwenyewe. Nikawaitikia wote wawili ndiyo, ndiyo, na wote wawili sikuwaamini.

Wa mwisho ni Mzaramo. Huyu alikuwa mchochea moto wa gari moshi, kijana mseja wa pwani, rafiki mkubwa wa mume wangu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haombi, anachukua. Akikuta uji anakunywa, akikuta kofia yako anavaa, na ukikasirika unaonekana mjinga. Ijumaa Kuu alasiri alitukuta tunakula maharage na michembe, maana siku hiyo nyama haiguswi. Akamwona jogoo amefungwa kwenye mti wa mpapai.

"Shemeji," akasema, "firigisi ya bwana mkubwa huyu ni yangu. Usimpe mumeo, meno yake mabovu, ataiharibu bure."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama Mzaramo, akanitazama mimi, akagusa fundo lake. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga hawakukosea.

Jumamosi ilikuwa ya kazi. Niliroweka michembe ili niipike na karanga, laini, ya kuteleza. Nsansa niliichemsha mara mbili kutoa uchungu. Uyoga niliununua kwa wanawake waliotoka porini alfajiri, ule mkubwa wa masika, na kila mmoja niliupasua kutazama ndani, maana uyoga nao si wa kuaminiwa. Mchele niliupeta, nikaupeta tena. Karanga nilizikaanga, nikazipepeta maganda, nikazitwanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni akinitazama. Nikigeuka, ananitazama. Nikiinama, ananitazama. Hakunisaidia hata kushika ungo. Nikajisemea, tazama tu, kizee, hutapata kitu.

Jumapili tulisali misa ya asubuhi, kengele zikalia, tukaimba aleluya mpaka sauti zikakauka. Tuliporudi, mzee jirani akaja na kisu chake, akamwelekeza jogoo kibla, akamchinja. Nilimnyonyoa mwenyewe, nikampasua mwenyewe. Firigisi nikaichana, nikamwaga changarawe za Ziba, nikaibandua ngozi ile ya manjano, nikaiosha. Nikaenda nayo mpaka kwenye kigoda cha mama mkwe.

"Mama, tazama. Hii hapa. Naitia chunguni."

"Mh," akasema.

Nikaitia mbele ya macho yake. Jogoo yule alikuwa mgumu, alichemka muda mrefu. Alipoanza kulainika nikamimina karanga zilizotwangwa, na kitunguu na nyanya, nikafunika. Na hapo nikafanya ujanja wangu: nilichomoa njiti moja ya ufagio, nikaiweka juu ya kifuniko. Mtu akifunua, njiti itaanguka, nami nitajua.

Niliondoka jikoni mara tatu tu. Mara ya kwanza kwenda kisimani. Niliporudi njiti ilikuwa chini, na mama mkwe yuko kwenye kigoda chake, anatazama angani. Nikachungulia chunguni, mchuzi mzito, unatokota, sioni kitu. Nikafunika upesi nisionekane nachungulia, nikairudisha njiti. Mara ya pili Mzaramo alibisha mlango wa mbele, ameleta mikate. Nikaenda kuipokea mlangoni pale, akaniambia, "Firigisi yangu iko tayari, shemeji?" nikamwambia, "Toka hapa!" Kurudi jikoni, njiti chini. Safari hii bibi jirani alikuwa ndani, anakoroga pilau kwenye sufuria lake la shaba, harufu ya iliki na mdalasini imejaa uani.

"Mwanangu mpenzi," akasema, akinusanusa, "kuna kitu kinaungua."

Thubutu! Nikajua anataka nifunue chungu ili aone kilichomo. Nikamwambia ni kuni mbichi, nikairudisha njiti.

Mara ya tatu nilikwenda nyumbani kwake kuchukua sinia. Kurudi, njiti chini tena, na mama mkwe amesimama karibu kabisa na mafiga, mkono kwenye fundo la kanga. Lakini ningesema nini? Nimwambie mama wa mume wangu, siku ya Pasaka, akung'ute nguo?

Saa ya kula ikafika. Wanaume watatu walikaa sebuleni kwenye jamvi: mume wangu, mzee jirani na Mzaramo. Sisi wanawake tulikuwa uani, ila mama mkwe alisogeza kigoda chake mpaka kwenye mlango wa katikati, apate kumwona mwanawe akila, kama alivyosema. Nikapeleka sinia la pilau limepanda kama kichuguu. Nikapeleka nsansa, uyoga wa mchuzi, michembe, ugali wa uwele kwa asiyeshiba kwa wali, maziwa ya mgando, na asali kwenye kisahani. Kila kitu kizuri. Mzee jirani akasema, "Mashallah."

Kisha nikarudi jikoni kupakua kuku. Nikatia upawa: paja. Nikatia tena: kidari, mgongo, shingo, bawa. Nikakoroga, nikakwangua chini, upawa ukagonga gumu, nikajua ni chungu. Ini lipo. Moyo upo. Firigisi haipo.

Nikatazama nje: bibi jirani ananawa mikono, ametulia. Mama mkwe amenipa mgongo. Nikawaza, tayari. Wameshaifanya. Nikapanga paja na mgongo juu ya bakuli vizuri, nikapanga na ini juu yake, nikaomba kimoyomoyo mume wangu awe ameshiba pilau.

Hakuwa ameshiba. Aligeuza nyama mara moja, akageuza mara ya pili. Nilikuwa bado nimepiga goti na jagi la maji.

"Firigisi?" akauliza.

"Imefufuka!" akasema Mzaramo. "Si ndiyo sikukuu yenyewe?"

Mzee jirani alicheka kidogo. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama kama hanijui.

"Umempa nani?"

"Sijampa mtu, bwana. Naapa mbele ya..."

"Usiape leo."

Machozi yakanitoka. Mzaramo aliyaona, akaona mambo yamekuwa makubwa, na akafanya kosa ambalo mtani tu ndiye anaweza kulifanya. Akainua mikono. "Basi, basi! Nimeila mimi. Nilipita jikoni nikaichukua. Shemeji usilie. Mtani haibi, anajitwalia chake." Alidhani utani utafunika kila kitu, kama ulivyofunika uji na kofia.

Mume wangu akaweka tonge chini.

"Ulipita jikoni saa ngapi?" akamuuliza taratibu. "Umeingia kwa mlango huu. Mimi nilikuwa nimekaa hapahapa. Hujafika uani mpaka sasa." Akanigeukia. "Ila wewe ulimfuata mlangoni. Kumbe kulikuwa na cha kumpelekea."

"Ndugu yangu, natania tu, wallahi sijaila," Mzaramo akasema, lakini nani angemsikiliza tena? Mtu aliyekwisha kusema ndiyo!

"Kesho asubuhi lori la Nzega linaondoka," mume wangu akasema. "Funga sanduku lako."

Niliogopa. Sitaki kujifanya shujaa. Niliwaona wazazi wangu wanasimama uani Nzega, lori linanishusha, na majirani wanatoka mmoja mmoja kutazama. Nikamtazama mama mkwe pale mlangoni, nikamchukia kuliko nilivyowahi kuchukia mtu. Sababu aliyoitafuta ameipata, na msichana wa Ziba anakama ng'ombe.

Mama mkwe alikuwa anafungua fundo la kanga. Taratibu, kwa kucha. Sasa, nikasema, sasa dawa inatoka. Akalifungua, akatia vidole viwili, akavipeleka puani, akavuta, akapiga chafya kubwa.

Ugoro. Siku tano nimelinda ugoro!

Akajifuta pua na ukingo wa kanga. Kisha akasema, "Nimeila mimi."

"Mama?" mume wangu akasema.

"Nimeila. Huyu alipokwenda kuchukua sinia nilifunua chungu. Nimempikia baba yako kuku tangu nikiwa msichana, na firigisi sijui ladha yake. Nikataka kuijua kabla sijafa. Haya, nimewaambia. Nipigeni."

Bibi jirani alifunika mdomo kwa ushungi. Mzee alitazama pilau. Mzaramo akajitia kumega mkate. Na mume wangu, ungemwona! Mtoto wa kiume amwambie nini mama yake mzazi? Amuulize na yeye amempa nani? Aliinamisha kichwa. Kisha akavuta bakuli, akaanza kula, na wengine wakala, hakuna aliyesema kitu ila "nipitishie chumvi." Habari ile haikuishia hapo. Ilipanda lori, ikafika Ziba kabla ya mama mkwe. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, mla firigisi ya mwanawe! Watani walimwimba mpaka anaingia kaburini.

Mimi nilimwamini. Tena badala ya kushukuru nilikasirika zaidi. Nikawaza, kizee kilaji hiki kimeiba, kikaniacha nilie mbele za watu, kilipoona mambo yameiva kikaogopa Mungu. Wageni walipoondoka nilikusanya vyombo kwa kuvigonganisha, apate kunisikia.

Nililolikuta kwenye chungu sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Jua lilikuwa halijazama. Nilitia maji, nikaanza kukwangua kwa kijiko. Karanga zilikuwa zimeungua chini, gamba jeusi, nene, limeshika chungu kizima. Yule bibi jirani alikuwa amesema kweli. Tangu nilipozimimina mpaka napakua sikuwa nimekoroga hata mara moja, sijagusa mwiko, nilikuwa nalinda njiti. Na njiti ilikuwa ikiangushwa na mvuke. Gamba likabanduka kipande kizima, nikaligeuza. Firigisi ilikuwa imelala ndani yake, upande mmoja mweusi, upande mwingine mzima.

Nilikaa pale chini, kijiko mkononi. Halafu nikainuka, nikamwendea mama mkwe nyuma ya jiko, nikafungua kiganja.

Akainama kuitazama.

"Mama, ulijua kwamba iko chini?"

"Ningejua ningeitoa."

"Basi ulidhani nimempa yule Mzaramo."

"Nilidhani," akasema. Hakuongeza sukari. "Nimekutazama siku tano. Unaficha, unachungulia, unaweka vijiti. Mtu asiye na jambo hafanyi hivyo."

"Sasa kwa nini ulisema..."

"Na mimi niliulizwa," akasema. "Nilikuwa na umri kama wako. Mama mkwe wangu alikaa mlangoni, kama nilivyokaa mimi leo, akatazama. Aliyeila alikuwa paka." Akainua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha pengo. Nami siku zote nilidhani ni uzee.

Nililia, na safari hii sikulia kwa hofu. Yeye hakulia. Alinyoosha mkono. "Lete." Akaipangusa ile firigisi kwa kanga, akaipeleka kwenye meno ya pembeni, akaikata katikati kwa shida. Akatafuna, akatafuna, uso umekunjamana. Nusu iliyobaki akanirudishia kiganjani.

"Kula," akasema. "Sasa si uongo tena."

Nikala. Ilikuwa ngumu, na chungu kwa kuungua. Tulitafuna wote wawili pale nyuma ya jiko mpaka ikaisha.

"Karanga hazilindwi, mwanangu," akasema, na hakuwa ameniita hivyo kabla. "Zinakorogwa." Akafunga tena fundo la ugoro wake, akaniambia nilete kinu, maana hataondoka Tabora mpaka nijue kuzipika.